Neno la Mlalamikaji na Kinga ya Mshitakiwa: Historia Fupi ya Sheria ya Kubaka katika Afrika ya Mashariki

Miongoni mwa makosa yote yatajwayo na sheria za jinai, ni machache yanayoitia mahakama katika mashaka kama kosa la kubaka. Mwizi huacha nyuma yake dirisha lililovunjwa, na mwuaji huacha maiti. Lakini kosa hili aghalabu hutendeka faraghani, baina ya watu wawili, na mashahidi wake ni hao hao wawili. Mmoja husema kwamba kitendo kilitendeka. Mwingine husema hakikutendeka kabisa, au aliyetenda si yeye, au kilitendeka kwa ridhaa. Hivyo historia ya sheria ya kosa hili, ikichunguzwa vema, ni historia ya swali moja: neno la nani lisadikiwe, na kwa masharti gani?

Swali hilo lina pande mbili, na kila upande una uzito wake. Upande mmoja yumo mwanamke au mtoto aliyedhulumiwa, ambaye kwa muda mrefu sheria ilimtazama kwa jicho la shaka hata kabla hajafungua kinywa. Upande wa pili yumo mshitakiwa, ambaye akitiwa hatiani atapoteza sehemu kubwa ya uhai wake, naye yawezekana hana kosa. Pana pia upande wa tatu usiozungumzwa sana na wanasheria, nao ni lugha. Maana katika nchi hizi walalamikaji wengi hutoa habari zao kwa Kiswahili, na neno moja la Kiswahili, likiandikwa vibaya au likifasiriwa vibaya, limeweza kumfunga mtu au kumfungua.

Maneno yenyewe

Yafaa kuanza na maneno, kwa sababu yamebeba ndani yake fikira za watu juu ya kosa. Neno *kunajisi* limetokana na Kiarabu, nalo lina maana ya kutia uchafu ule ambao dini huamuru utoharishwe. Likitumiwa juu ya kosa hili, neno hilo hulitazama doa lililobaki juu ya yule aliyetendewa, kana kwamba yeye ndiye aliyechafuka. *Kulawiti* nalo limetokana na jina la Nabii Lutu na habari za kaumu yake. *Ugoni* ni neno la asili ya Kibantu, na maana yake katika mabaraza ya kienyeji ilikuwa ni kosa la kuzini na mke wa mtu. Fidia ya ugoni ililipwa kwa mume, wala si kwa mke. Neno *kubaka* ni tofauti na hayo yote, kwa kuwa hulitazama tendo la nguvu na mtendaji wake.

Katika Tanzania ya leo *kubaka* ndilo neno la jumla, hata kwa kosa la kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 na ambaye alikubali. Katika Kenya desturi ya mahakama na magazeti ni kuyatenga: *ubakaji* ni kosa dhidi ya mtu mzima, na *unajisi* ni kosa dhidi ya mtoto. Kwa hiyo msomaji wa hukumu za nchi hizi mbili hana budi kuangalia asidhani ya kwamba neno moja lina maana moja kila mahali.

Sheria ya pwani

Kabla ya utawala wa Wazungu, watu wa pwani walihukumiwa kwa sheria ya Kiislamu, na wengi wao walifuata madhehebu ya Shafii, ijapokuwa Masultani wa Unguja walikuwa Maibadhi. Katika sheria hiyo kosa la zina halithibitiki ila kwa ungamo la mkosaji au kwa ushahidi wa wanaume wanne waadilifu walioona kwa macho yao. Na mtu amsingiziaye mwenzake zina, akashindwa kuleta mashahidi hao, hupigwa mijeledi 80. Mwanamke aliyelazimishwa hana dhambi wala adhabu. Na kwa madhehebu ya Shafii mwenye kumlazimisha humpasa kumlipa mahari ya mithili, yaani mahari ya mwanamke wa hali yake.

Katika mpango huo mambo mawili ni ya kutiwa maanani. La kwanza, fidia ilikuwa haki ya mwanamke mwenyewe, tofauti na fidia ya ugoni ya bara. La pili, sheria iliweka kinga kubwa dhidi ya masingizio, hata ikamfanya mwenye kushitaki aogope. Kinga hiyo ilihifadhi heshima za watu, lakini yaonekana pia ilifunga vinywa vya wengi waliodhulumiwa wasiokuwa na shahidi ila nafsi zao. Mizani hii ya kumlinda asiyesingiziwa na kumsikia aliyeonewa itaonekana tena na tena katika historia iliyofuata.

Sheria zilizokuja na meli

Waingereza walipotawala walileta sheria zao kwa njia ya Bara Hindi. Kanuni ya Adhabu ya Bara Hindi ya mwaka 1860 na Sheria ya Ushahidi ya Bara Hindi ya mwaka 1872 zilitumika katika nchi za Afrika ya Mashariki, na baada ya Wadachi kushindwa zikaletwa Tanganyika pia, mwaka 1920. Sheria ile ya 1860 iliweka miaka 10 kuwa umri ambao chini yake ridhaa ya msichana haihesabiwi. Mwaka 1891 umri huo uliongezwa Bara Hindi ukawa miaka 12. Sheria ya Ushahidi ilikuwa na kifungu kilichomruhusu mshitakiwa kuonyesha kwamba mlalamikaji ni mwanamke wa tabia mbaya kwa jumla, ili maneno yake yasisadikiwe. Kinga hii haikuuliza lililotendeka siku ile. Iliuliza maisha yote ya mwanamke yalikuwaje. Bara Hindi yenyewe ilikifuta kifungu hicho kwa sheria ya marekebisho ya mwaka 2002.

Mwaka 1930 Kanuni za Adhabu mpya zilitungwa kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Asili yake ilikuwa kanuni ya Queensland ya mwaka 1899, iliyokuwa kazi ya Samuel Griffith, nayo ilikwisha kupitia Nigeria kabla ya kufika huku. Katika Tanganyika, na baadaye Tanzania Bara, adhabu ya juu ya kubaka kwa miaka mingi ilikuwa kifungo cha maisha. Lakini hiyo ilikuwa ni dari tu, na chini ya dari hiyo hakimu alikuwa huru kupima adhabu kwa kadiri ya kosa. Kosa la kumwingilia msichana mdogo lilitengwa peke yake, na mshitakiwa aliweza kujitetea kwa kuonyesha kwamba alikuwa na sababu ya haki ya kuamini, na kwamba kwa kweli aliamini, kuwa msichana amepita umri uliotajwa.

Haifai kudhani ya kwamba sheria za wakati huo zilitungwa kwa ajili ya haki peke yake. Katika Kenya, hofu za walowezi juu ya wanawake wa Kizungu na watumishi wa Kiafrika zilivuma tangu mwaka 1907 hivi, na mwaka 1926 kosa la kubaka likawekewa adhabu ya kifo, hali Uingereza yenyewe ilikwisha kuiondoa adhabu hiyo tangu 1841. Hapo sheria haikupima neno la mlalamikaji na neno la mshitakiwa kwa mizani moja, ilipima rangi.

Kanuni ya tahadhari

Katika mahakama zenyewe, jambo lililotawala kuliko yote halikuwa limeandikwa katika Kanuni ya Adhabu. Lilikuwa desturi ya majaji, nayo ilirithiwa kutoka kwa jaji wa Kiingereza Matthew Hale, aliyefariki mwaka 1676 na ambaye kitabu chake cha sheria za jinai kilichapishwa mwaka 1736. Hale alifundisha kwamba shitaka la kubaka ni rahisi kutolewa, gumu kuthibitishwa, na gumu zaidi kwa mshitakiwa kulikanusha hata akiwa hana hatia. Kutokana na fikira hiyo ilizaliwa kanuni ya kwamba si salama kumtia mtu hatiani kwa neno la mlalamikaji peke yake. Sharti upatikane ushahidi mwingine wa kuliunga mkono.

Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilifuata njia hiyo, na mwaka 1967 ikaieleza kwa ufasaha. Jaji ni juu yake kujionya mwenyewe, na kuwaonya wazee wa baraza, juu ya hatari ya kutegemea neno lisiloungwa mkono. Akisha kujionya, anaweza kumtia mshitakiwa hatiani ikiwa ameridhika kwamba mlalamikaji asema kweli. Lakini asipojionya, kwa kawaida hukumu itatenguliwa, isipokuwa mahakama ya juu ikiona kwamba haki haikupotea.

Wenye kuitetea kanuni hii walisema ni ngao ya mtu asiye na hatia. Wenye kuipinga walijibu kwamba mtu aliyeibiwa mbuzi au aliyepigwa rungu njiani hatakiwi kuletewa shahidi wa pili ndipo asadikiwe, mbona mwanamke? Hoja hiyo ndiyo iliyoshinda mwishowe. Uingereza iliondoa sharti la onyo hilo mwaka 1994. Katika Kenya, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kudai ushahidi wa kuunga mkono kwa sababu tu mlalamikaji ni mwanamke au msichana ni ubaguzi uliokatazwa na katiba.

Mageuzi ya 1998 na 2006

Tanzania ilikwisha kutangulia kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998. Sheria hii iliweka miaka 18 kuwa umri wa ridhaa, ila kwa mke wa miaka 15 au zaidi asiyetengana na mumewe. Ilisema kwamba kupenya hata kwa kiasi kidogo kwatosha kulithibitisha kosa, na kwamba si lazima mlalamikaji awe na majeraha ya kuonyesha kwamba alipinga. Pia ilimtambua mke aliyetengana na mumewe kuwa aweza kubakwa naye.

Juu ya ushahidi, iliongeza katika Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 sharti jipya: mahakama yaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto au la mlalamikaji peke yake, mradi imeridhika kwamba shahidi huyo hasemi ila kweli, na sababu za kuridhika ziandikwe. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikakaza jambo hilo iliposema kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe.

Juu ya adhabu, ile dari ya zamani iligeuzwa ikawa sakafu. Abakaye hufungwa miaka isiyopungua 30, pamoja na viboko na kumlipa fidia aliyetendewa kwa kiasi kitakachoamuliwa na mahakama. Aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10, na waliobaka kwa kundi, hufungwa maisha. Mvulana wa miaka 18 au chini yake, akikosa mara ya kwanza, hupata viboko tu.

Kenya ilifuata kwa Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, ambayo mswada wake uliletwa bungeni na Njoki Ndung'u. Humo adhabu hupimwa kwa umri wa mtoto: wa miaka 11 au chini yake, kifungo cha maisha, wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20, wa miaka 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Maswali juu ya maisha ya kimapenzi ya mlalamikaji yaliwekewa mipaka. Mshitakiwa alibakiziwa kinga ikiwa mtoto alimdanganya juu ya umri wake, naye akaamini kwa sababu ya haki.

Jambo moja katika sheria ile ya Kenya lamkumbusha msomaji sheria ya zamani ya pwani. Ilikuwa na kifungu kilichosema kwamba atakayemsingizia mtu kosa la namna hii atapata adhabu sawa na ile ya kosa lenyewe. Wengi walilalamika kwamba kifungu hicho kitawatisha waliodhulumiwa wasiende kushitaki, na mwaka 2012 kikafutwa. Hivyo katika muda wa miaka 6 tu Kenya ilijadili tena yale ambayo makadhi waliyafahamu tangu zamani: kwamba kumtisha mwongo ni vigumu bila kumtisha mkweli pia.

Njia za kujitetea

Kwa kuwa adhabu imekuwa nzito na haipunguziki, vita vyote vya mshitakiwa katika Tanzania vimehamia kwenye kuthibitishwa kwa kosa. Katiba yasema kwamba mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ana hatia, na sheria hutaka upande wa mashitaka uthibitishe pasipo kuacha shaka. Mshitakiwa hana kazi ya kuthibitisha usafi wake; yamtosha kuleta shaka ya maana.

Shaka hiyo hutafutwa katika mambo machache. La kwanza ni umri. Ikiwa shitaka lasema mlalamikaji ni mtoto, umri wake lazima uthibitishwe kwa neno lake, au la mzazi, au la mtabibu, au kwa hati. Umri ulioandikwa katika hati ya mashitaka peke yake si ushahidi. Walakini katika rufani nyingine Mahakama imekubali kwamba umri waweza kutambulikana kutokana na mazingira ya ushahidi wenyewe, kama vile darasa alilosoma mtoto.

La pili ni utambuzi. Tangu uamuzi mashuhuri wa mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho, hasa usiku, ni dhaifu, na haufai kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe: taa ilikuwa ipi, mwanga wake ulikuwaje, umbali ulikuwa gani, na mashahidi walimwona kwa muda gani. Baadaye ikaongeza kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema huaminika zaidi, na anayechelewa bila sababu huleta shaka.

La tatu ni ile fomu ya polisi namba 3, ijulikanayo na kila mtu kwa jina la PF3, ambayo mtabibu huijaza. Sheria humtaka hakimu amwarifu mshitakiwa kwamba ana haki ya kutaka mtabibu huyo aitwe aulizwe maswali. Hakimu asipofanya hivyo, fomu huondolewa katika kumbukumbu. Hukumu nyingi zimesimama bila fomu hiyo, kwa nguvu ya neno la mlalamikaji. Nyingine zimeanguka pamoja nayo.

Yafaa ikumbukwe kwamba washitakiwa wengi hawakuwa na wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilikusudiwa kuwasaidia watu wa namna hiyo. Lakini kumbukumbu za rufani zimejaa wafungwa waliosimama wenyewe mbele ya majaji, baada ya miaka mingi gerezani. Ni kwa ajili ya watu hao Mahakama ya Rufani, katika rufani iliyosajiliwa mwaka 2017, ilionya kwamba uamuzi wa 2006 haukuwa na maana kwamba neno la mlalamikaji lichukuliwe kama Injili. Sharti nalo lipimwe ukweli wake.

Lugha ya shahidi

Hapa ndipo mambo ya lugha yanapoingia katikati ya haki. Kosa la kubaka katika Tanzania halithibitiki bila kuonyesha kupenya. Katika rufani iliyosajiliwa mwaka 2006 Mahakama ilisema kwamba haitoshi shahidi kusema tu kwamba alibakwa. Lazima aeleze kilichotendeka. Sharti hilo lina maana kwa mtetezi, kwani *kubakwa* ni neno la sheria, na kulitamka si kulithibitisha.

Lakini mtoto wa Kiswahili amelelewa kuona haya. Amefundishwa kwamba viungo vya siri havitajwi kwa majina yake mbele ya wakubwa, na kwamba kuyataja ni kutukana. Basi akisimama mbele ya hakimu husema, "Alinifanyia tabia mbaya," au "Alinifanyia matusi," au hutumia neno *dudu*. Je, mtoto huyo amesema jambo au hakusema? Katika rufani iliyosajiliwa mwaka 2012, na nyingine zilizoifuata, Mahakama iliridhia kwamba, kwa kuzingatia mila na umri, maneno ya stara yaweza kutosha, mradi maana yake ni wazi kwa mwenye kusikia na kwa mshitakiwa aliyemo kizimbani. Uamuzi huo kwa kweli ni uamuzi wa elimu ya lugha: mahakama ilikubali kwamba maana ya neno haimo katika kamusi peke yake, bali imo pia katika adabu ya wasemao.

Hata hivyo tatizo la pili lilibaki. Kwa miaka mingi shahidi alisema kwa Kiswahili, na hakimu aliandika kwa Kiingereza. Mahakama ya Rufani haikuyasikia maneno ya mtoto. Ilisoma tafsiri ya hakimu, iliyoandikwa kwa haraka. "Tabia mbaya" iliweza kugeuka kuwa maneno ya kitabibu ambayo mtoto hakuyajua kamwe, na hapo mshitakiwa alifungwa kwa ushahidi wa mfasiri. Au iliweza kubaki maneno matupu ya Kiingereza yasiyo na maana, na mtoto akakosa haki yake. Sheria ya mwaka 2021 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ikiacha nafasi ya Kiingereza pale haki itakapohitaji, ilileta tumaini kwamba maneno yenyewe yatahifadhiwa.

Kadhalika kiapo. Zamani hakimu alimhoji mtoto wa miaka 14 au chini yake ili ajue kama afahamu maana ya kiapo na kama ana akili za kutosha, na mahojiano hayo yakikosewa kesi iliweza kuharibika. Tangu mwaka 2016 mtoto aweza kushuhudia bila kiapo, akiahidi kusema kweli na si uongo. Sharti limerahisishwa, lakini halikuondolewa: ahadi hiyo lazima iandikwe, na mara nyingi ushahidi umetupwa kwa sababu hakimu alisahau kuiandika.

Hitimisho

Mjadala haujafungwa. Katika Kenya, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2022 kwamba adhabu za chini zisizopunguzika zinamnyima hakimu uwezo wa kupima kila kesi kwa hali yake. Mwezi wa Julai 2024 Mahakama ya Juu ikazirudisha. Katika Tanzania ule uhalali wa ndoa ya msichana wa miaka 15 ulikataliwa na Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2019.

Kutoka mashahidi wanne wa makadhi, hadi onyo la Hale, hadi neno la mtoto mmoja, sheria imepita njia ndefu, na kwa sehemu kubwa imepita kuelekea haki. Walakini kila ilipoondoa kizuizi mbele ya mlalamikaji, iliongeza uzito wa neno lake. Na neno likiwa zito hivyo, kulisikia vema na kuliandika kama lilivyosemwa si kazi ya karani tu. Miaka 30 ya mtu imo ndani yake, na haki ya mtoto imo humo humo.